Uzito wa Bonde la Ludete

1

Kila asubuhi mnara wa kumi na nne uliona moshi katika bonde la Ludete, na kila asubuhi Mshauri alimuuliza Kresensia Mgimba ule ni moshi wa nini.

Swali lilitokea kwenye kioo kabla hajamaliza chai yake. Ilikuwa picha ndogo ya bonde lenye kijani kizito, utepe mwembamba wa buluu ukipanda juu ya miti, na chini yake maandishi: Moshi, chanzo kimoja, hautanuki. Tafadhali tambua. Mtu yeyote kituoni angeweza kujibu, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ya kubofya tu. Lakini watu wa zamu walishajua kwamba moshi wa Ludete haujibiwi na mwingine, nao waliuacha hapohapo umsubiri mwenyewe.

Kresensia hakuwa na haraka ya kujibu. Aliutazama kwanza. Moshi ukichelewa, mumewe Odilo hakulala vizuri, pengine goti limemsumbua. Ukiwa mweupe na mzito, kuni zimelowa umande. Siku mojamoja ulipanda moshi wa pili pembeni, mbali na jiko, naye akajua kwamba mume wake anafukiza mzinga arine asali. Akishajua anachotaka kujua, alibofya Moshi wa jiko, salama, na ule utepe ukafutika. Mazungumzo yao ya siku hiyo yalikuwa yamekwisha.

Hawakuwa wameachana. Alilisema hilo kila alipoulizwa, hadi watu wakaacha kuuliza. Hawakujaliwa mtoto, lakini hilo halikuwagombanisha. Odilo Kihwele alikuwa mkuu wa kikosi cha kuzima moto msituni enzi zile ambazo moto ulipigwa kwa matawi mabichi na maji ya kubeba mgongoni. Kisha ukaja Mwaka wa Moshi, mwaka ambao mvua haikunyesha kabisa, kiangazi kikaungana na kiangazi, na misindano, ile misonobari ya mbao, iliyopandwa nyanda zote za juu ikawaka pamoja na vijiji vilivyokuwa katikati yake. Baada ya mazishi yale Serikali ikamleta Mshauri.

Mshauri alikuwa minara, droni na hesabu. Kazi yake ilikuwa kujua chakula cha moto: majani yaliyodondoka yamekauka kiasi gani, vichaka vimesongana wapi, shina gani limekufa likiwa limesimama. Kila saa aliwasha maelfu ya mioto ya kuwaza tu, kila mmoja na upepo wake, akaona ungepita wapi na ungekula nini. Kisha akashauri: hapa pachomwe mapema nyasi zikiwa bado na ubichi, hapa papunguzwe miti, hapa paachwe. Na kweli, tangu alipokuja hakuna kijiji kilichoungua.

Ila mabonde ya miti ya asili yaliisha. Yalibeba chakula kingi cha moto na hayakubeba kitu ambacho mtu amewahi kukipa thamani kwenye hesabu, hivyo kila msimu moja lilichomwa ili misindano na miji ibaki. Lilipobaki Ludete peke yake, Odilo alipanda huko na panga na toroli, aondoe kwa mikono yake magogo yaliyooza, Mshauri asipate sababu ya kulichoma.

"Msimu mmoja tu," alimwambia mkewe. "Mvua zikianza nitashuka."

Mvua zilipoanza, mbegu za mpodo alizozifukia kwenye kitalu zikaota, na mtu haachi miche michanga ijitunze. Msimu uliofuata ikaota ya mloliondo. Mwanzoni alimwomba Kresensia ahamie huko, naye akajibu kwamba kituo hakina watu. Baadaye akaacha kumwomba. Kwa siku nyingi Kresensia alidhani kwamba mtu akiacha kuombwa atapumua. Haikuwa hivyo. Alijikuta akiutafuta ule moshi kabla hata ya kuvua koti.

2

Mwishoni mwa Oktoba radi kavu ilipiga kilima cha Mbigili, bila tone la mvua. Kresensia aliona nukta tatu nyekundu kwenye kioo, kisha zikaungana, na kabla ya adhuhuri moto ulikuwa mstari mrefu unaoteremka kusini, upepo ukiusukuma mgongoni. Kusini kulikuwa na Ludete. Baada ya Ludete, mto Lyavi, ambao wakati wa kiangazi mtoto aliweza kuuruka. Ng'ambo ya mto ulikuwa mji wa Lugombo, wenye watu elfu arobaini, hospitali ya wilaya, na daraja moja tu la kutokea upande wa pili.

"Mshauri, tupe shauri," alisema.

Sauti ilikuwa tulivu kama siku zote. "Nashauri bonde la Ludete lichomwe kabla moto wa Mbigili haujafika, ili ukifika usikute chakula. Tukifanya hivyo, kati ya kila mioto mia niliyoijaribu, miwili inaingia Lugombo. Nafasi ya kuwasha inaisha jioni ya leo. Bondeni kuna mkazi mmoja. Aondolewe kwanza."

Atupele, fundi wa takwimu aliyekaa meza ya jirani, aliinamisha macho kwenye karatasi zake. Hakuna mtu kituoni ambaye hakumjua huyo mkazi mmoja.

"Na tusipochoma?"

"Mpango wa pili ni kulinda mto. Vikosi vyote vikae ukingoni mwa Lyavi na kusubiri. Kati ya kila mioto mia, ishirini na mmoja inavuka."

Mshauri hakuruhusiwa kuwasha hata kiberiti. Sheria iliyomleta ilitaka saini ya binadamu chini ya kila shauri, na zamu hiyo saini ilikuwa ya Kresensia. Simu ikalia. Alikuwa mzee Chaula, mkuu wa kanda.

"Bi Kresensia, nimeliona shauri. Unajua mimi sikuamulii."

"Najua, mzee."

"Ukitaka nikupumzishe, sitakulaumu hata kidogo. Nitamweka Mdemu asaini."

"Mdemu hajawahi kufika Ludete."

"Pengine ndiyo maana," alisema Chaula kwa upole.

"Nitasaini mwenyewe, mzee. Naomba muda mfupi tu."

Akaingia ndani ya shauri, mahali ambapo watu wa zamu hawaingii mara nyingi. Huko kila kitu kilikuwa na uzito wake, uliopangwa na tume iliyokaa Dodoma. Binadamu alizidi vyote, kwa mbali sana. Kisha hospitali, shule, chanzo cha maji, nyumba ya tofali, nyumba ya mbao. Kisha misindano kwa umri wake. Chini kabisa aliikuta Ludete: pori la asili, halivunwi. Uzito wake ulikuwa ule ule wa nyasi. Mipodo ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizunguki ilikuwa nyasi. Vitalu vya Odilo, nyasi. Chemchemi ile baridi ambayo siku ya kwanza kupelekwa huko akiwa bibi harusi alinywa hadi meno yakamuuma, haikuwamo kabisa.

Mwenye saini aliruhusiwa kubadili uzito mmoja, kwa kile anachokijua kuhusu mahali, mradi aeleze sababu. Kresensia akafuta tarakimu ya Ludete na kuandika ya msindano uliokomaa. Mshauri alifikiri kwa muda wa kumeza mate. Kisha shauri likageuka: Mto ulindwe. Bonde likabadilika rangi kwenye kioo, kutoka nyekundu kuwa kijani.

Akakiangalia kile kijani. Kilichomtisha ni kwamba hakuwa amedanganya. Uzito alioandika ulikuwa mdogo kuliko ukweli. Sababu yake ingekuwa ya kweli, tume ingeisoma na kuipitisha, na moto ukivuka mto hakuna ambaye angemnyooshea kidole.

"Dada," Atupele alisema kwa sauti ya chini. "Shauri limegeuka."

"Nimeligeuza mimi."

Atupele akatazama mlangoni, kisha akamtazama yeye. "Mimi sijaona kitu, dada."

"Umeona. Kaa hapa, usiniache." Akageukia kioo. "Mshauri, nionyeshe ile ishirini na mmoja."

Ikapita mmoja baada ya mwingine. Katika mmoja moto uliruka mto na kuishia shambani. Katika mwingine uliingia kwenye mikaratusi nyuma ya hospitali. Katika mwingine tena uliwahi barabara, magari yakajaa kwenye daraja kama punje nyeupe, punje za mbele zikasimama, za nyuma zikaendelea kuja.

"Hao ni watu wa kuwaza tu, dada," alisema Atupele.

"Ndiyo. Lakini daraja ni lile lile."

Akaomba arudishiwe moto huo wa daraja, akautazama mara ya pili hadi mwisho. Kisha akafuta tarakimu yake, akairudisha ile ya nyasi, na kuweka saini.

"Zuia droni mpaka nikupe ishara," alimwambia Atupele akivaa koti. "Mkazi nitamwondoa mimi."

3

Gari lilimfikisha mahali njia ilipoishia, na kutoka hapo akatembea. Mara tu alipoingia chini ya miti joto likakatika, kama vile amefungua mlango wa nyumba ya mawe. Harufu ya majani yaliyolowa ikamjia, na pamoja nayo ikaja harufu ya mashati ya Odilo ya miaka yote. Ilimbidi asimame. Kituoni alikuwa ameliona bonde hili kila siku, na kumbe kioo hakikumpa harufu.

Odilo alikuwa kwenye kitalu, akimwagilia kwa kopo lililotobolewa. Kichwa chake kilikuwa kimejaa mvi. Aliposikia hatua hakugeuka mara moja. Alimaliza mstari aliokuwa akiumwagilia.

"Kamwene," alisema Kresensia.

"Kamwene." Akaweka kopo chini. "Nimeona wingu la Mbigili tangu asubuhi. Nilijua watamtuma mtu. Sikujua watakutuma wewe."

"Hawakunituma. Nimekuja."

Wakatazamana. Kresensia alitamani waanze na mambo mengine: goti, asali, msiba wa jirani yao wa Lugombo ambao Odilo hakuusikia. Kulikuwa na mambo ya kuongea mwezi mzima. Upepo ukapita juu ya miti ukiwa na moshi ndani yake.

"Ludete inachomwa leo," alisema.

"Nani ameweka saini?"

"Mimi."

Hondohondo aliruka kutoka tawi moja hadi jingine kwa kelele ya mabawa. Odilo alimfuata kwa macho mpaka akatua.

"Angekuja mwingine ningemkatalia," alisema hatimaye. "Ningejifunga kwenye mti, watafute namna ya kunifungua."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

"Hiyo si haki, Kresensia."

"Najua si haki."

Odilo aliketi juu ya gogo, akajifuta mikono kwenye suruali, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Bila kuchoma?"

"Kati ya mia, ishirini na mmoja inavuka mto."

"Kwa hiyo sabini na tisa haivuki."

"Haivuki."

"Na hukuweza kushika hiyo sabini na tisa?"

"Niliishika. Nilibadilisha uzito wa bonde. Likawa kijani kwenye kioo, Odilo, nikaliona limepona. Nilikuwa nimebakiza saini tu. Halafu nikaangalia daraja la Lugombo."

"Uliweka uzito gani?" aliuliza Odilo.

"Wa msindano uliokomaa."

Odilo akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Msindano!"

"Hawana mti mzito kuliko huo."

Akaendelea kukaa. Kresensia aliona mabega yake yakipanda na kushuka, naye hakuthubutu kumgusa. Kisha Odilo akainuka kwa kusukuma gogo kwa mikono miwili, kwa sababu ya lile goti.

"Nani anawasha?"

"Droni. Zinangoja ishara yangu."

"Ziambie zibaki huko huko. Zitamwaga moto kila upande na wanyama watakosa pa kutokea. Tuanzie chini, kando ya mto, moto upande pole pole kinyume cha upepo. Upande wa mashariki tuuache wazi mpaka mwisho. Una kopo la kuwashia kwenye gari?"

"Ninalo."

"Basi tuchukue kwanza tunachoweza kubeba."

Walikuwa na magunia mawili ya mbegu na makreti machache. Miche ilikuwa mingi, imepangwa kwenye vivuli vya matete, mingine ikiwa na majani mawili tu. Kresensia aliinama, kisha akainua uso.

"Nichukue ipi?"

"Usiniulize hilo," Odilo alisema bila kumtazama.

Akachukua iliyokuwa karibu na mkono wake. Walipokwisha kujaza makreti, wakayapeleka kwenye gari, wakarudi na lile kopo la chuma lenye mafuta na utambi mdomoni, ambalo ukiliinamisha linadondosha matone ya moto. Odilo alitangulia nalo. Kresensia alifuata nyuma yake na redio, akitazama upepo, kama walivyotembea zamani wakiwa wote wawili vijana na moto ukiwa kitu cha kushindana nacho. Nyuma yao majani yakaanza kutoa mlio mdogo. Moto ulikuwa mfupi, haukufika magotini, na ulipanda mteremko kama unaofikiri.

Palikuwa na mpodo mmoja uliosimama peke yake juu ya chemchemi, mkubwa kuliko yote. Chini yake majani makavu yalikuwa yamelundikana hadi mapajani. Odilo alifika, akainua kopo, akalishusha. Aliweka kiganja kwenye gome. Akainua kopo tena.

Redioni Atupele alisema kwamba moto wa Mbigili umevuka mgongo wa mwisho na wanatakiwa watoke.

"Odilo."

"Subiri."

"Mume wangu. Nipe."

Alimpa kopo bila kugeuza kichwa, akaondoka hatua chache na kusimama akiwa ameupa mti mgongo. Kresensia aliliinamisha kopo. Tone la kwanza lilizimika kwenye unyevu wa chemchemi. La pili likashika. Akasimama pale mpaka akawa na hakika, kwa kuwa hakutaka Odilo awe ndiye atakayeulizwa kama uliwaka, kisha akamshika mkono, wakatokea mashariki huku swala wadogo wakiwapita miguuni.

4

Moto wa Mbigili ulifika Ludete jua likizama. Kutoka kwenye mgongo wa kilima waliuona ukifika kwenye weusi, ukitapatapa kulia na kushoto, kisha ukifa sehemu moja hadi nyingine. Lugombo ikalala majumbani mwake.

Kibanda cha Odilo kilikuwa kimeungua pamoja na bonde, hivyo akashuka na mkewe. Makreti ya miche yalipangwa kwenye baraza, magunia ya mbegu yakawekwa chini ya kitanda. Siku za kwanza waliishi kama wageni waliofikia nyumba moja, kila mmoja akimpisha mwenzake mlangoni. Kisha wakazoea. Odilo alitengeneza bawaba, akapaka chokaa ukuta wa jikoni, akalalamika kwamba chai ya mjini haina maziwa. Kresensia alirudi kutoka zamuni na kusikia sauti ya mtu ndani ya nyumba, na mara nyingine alikaa ndani ya gari kidogo aisikilize kabla ya kuingia. Usiku mkono wa Odilo ulimlalia ubavuni, mzito, naye alijizuia kugeuka usije ukaondoka.

Baada ya kila moto mkubwa Mshauri alirudia hesabu zake kwa upepo uliovuma kweli, ili ajifunze. Taarifa ya Ludete ilipofika, Kresensia aliisoma amesimama. Upepo ulikuwa umelala ghafla jioni ile. Hakuna mnara uliotabiri hilo. Kwa upepo huo, taarifa ilisema, moto wa Mbigili ungeishia ukingoni mwa Lyavi hata kama bonde lisingechomwa.

Alikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, Odilo akikaza skrubu ya dirisha.

"Upepo ulilala ile jioni," alisema.

"Niliusikia."

"Mshauri amerudia hesabu. Moto ungeishia mtoni, Odilo. Hata tusingewasha."

Bisibisi iliendelea kuzunguka, kisha ikasimama. "Ana uhakika?"

"Ana uhakika. Nimezipitia mwenyewe."

"Ungeweza kuninyima hilo."

"Ningeweza."

"Kwa nini umeniambia?"

Kresensia alitikisa ungo, pumba zikaruka. "Usiku uliniwekea mkono hapa ubavuni. Nikaona kama nauiba."

Odilo aliweka bisibisi dirishani na kutoka. Hakurudi mpaka wali ulipokuwa umepoa. Alinawa, akaketi, akala matonge kadhaa.

"Mchana ule hatukuujua upepo wa jioni," alisema. "Ukija tena kwa maneno yale yale, nitakupa kopo tena. Nataka ulijue hilo. Ila usiniulize kama nimekasirika."

"Umekasirika?"

"Ndiyo."

"Umenikasirikia mimi?"

"Sijui nimemkasirikia nani. Wewe ndiye uliye karibu."

Kresensia alimwongezea mchuzi, naye hakukataa.

Wiki chache baadaye Chaula alipiga simu. Tume ilikuwa imesoma maelezo marefu aliyoyaandika Kresensia kuhusu Ludete na imekubali: pori la asili litapewa uzito wake wenyewe. Wanachotaka ni namba tu, na wanaona yeye ndiye wa kuipendekeza. Jioni hiyo alimuuliza Odilo.

"Waambie waje walione kwanza," alisema Odilo.

"Limeungua."

"Basi wasubiri lirudi."

"Mpodo unachukua miaka mingapi?"

Odilo alikuwa akipapasa udongo wa mche mmoja kwenye kreti, kuona kama umekauka. "Wasubiri," alisema tena.

Kresensia aliandika namba. Aliifanya kubwa mara kumi kuliko ya msindano, tume ikaipunguza hadi mara mbili, ikapita.

5

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, kwa fujo, ikipiga mabati hadi wakashindwa kusikilizana. Kesho yake Odilo alishona mdomo wa gunia la mwisho la mbegu, tayari kurudi Ludete kupanda. Miche ilikuwa imetangulia kwa gari la kijiji. Kresensia alisimama mlangoni na sare ya kazi. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwomba mume wake kitu ambacho angeweza kukataliwa.

"Kaa," alisema.

Odilo aliinua uso. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mahali asipotarajia.

"Njoo," alisema.

Ng'ambo ya nyanda kulikuwa na wilaya tatu ambazo mvua haikuwa imezifikia, na Atupele peke yake mezani. Ludete kulikuwa na majivu yaliyolowa, siku chache tu za kupanda kabla hayajasombwa na maji. Wote wawili walilijua hilo, na kila mmoja aliona kwamba mwenzake analijua.

"Haya, nikusindikize," alisema Kresensia.

Walipita nyuma ya hospitali, wakipokezana gunia. Waliongea habari za bawaba, na za fundi mmoja wa mabati ambaye hajarudi kumalizia kazi. Lyavi ilikuwa imejaa maji ya kahawia. Wakavuka kwenye gogo, Odilo akimshika mkono, ingawa ni yeye mwenye goti bovu. Upande wa pili njia ilianza kupanda, na miti iliyosimama ikawa myeusi.

"Rudi sasa," alisema Odilo. "Utachelewa zamu."

"Narudi."

Maisha yake yote Kresensia alikuwa amewasindikiza wageni, na kila mara alijua mahali pa kusimama, mahali ambapo mwenyeji hutoa mkono na kutuma salamu. Mahali hapo walikuwa wameshapapita. Alihamisha gunia kutoka bega la kulia hadi la kushoto, redio ikimwita kiunoni, akapanda naye hadi kona iliyofuata.